Viti Vimevunjika: Sayansi Tatu Ndani ya Somo Moja la Ngeli

"Viti vile viwili vikubwa vimevunjika." Maneno matano, na kila moja limeanza na vi-. Mtoto wa Unguja au wa Tanga huisema sentensi hii kabla hajaanza shule, wala hakuna aliyemkalisha chini kumfundisha. Mgeni anayejifunza Kiswahili ukubwani huhangaika nayo kwa miezi. Mwalimu atakayesimama mbele ya mgeni huyo anaweza kuchora jedwali la ngeli ubaoni, anaweza kuonyesha viti vibovu na kusema huku akinyoosha kidole, anaweza kumkaririsha sentensi mara ishirini, au anaweza kumtuma kwa seremala akaeleze shida yake. Kila njia ina ukoo wake, na mwalimu asiyejua ukoo wa zoezi analolitumia hatajua kwa nini limegoma.

Isimu huuliza kinachofundishwa ni nini. Saikolojia huuliza kinaingiaje kichwani na kwa nini hutoka. Sosholojia, pamoja na jirani yake anthropolojia, huuliza lugha inasemwa na nani, kwa nani, na kwa ajili ya nini. Ni maswali matatu mbalimbali. Madhara makubwa katika historia ya ufundishaji wa lugha yametokea kila mara jibu la swali moja lilipofanywa jibu la yote.

Jedwali ndilo kongwe. Shule za Ulaya zilirithi namna ya kufundisha Kilatini, yaani kanuni, orodha ya maneno, kisha sentensi za kutafsiri, na katika karne ya 19 shule za Prussia zikaitia namna hiyo katika lugha zinazosemwa. Edward Steere, mmisionari wa Kianglikana aliyefika Unguja mwaka 1864, alipotoa mwongozo wake wa Kiswahili mwaka 1870 aliupanga kwa aina za maneno: nomino, vivumishi, viwakilishi, vitenzi, na orodha ndefu za msamiati. Wenzake walioishi Unguja uliwafaa sana, kwa kuwa kitabu kiliwapa maelezo na soko likawapa mazoezi. Mpango uleule ukihamishiwa chumba cha London, ambako hakuna wa kusema naye, mwanafunzi hupata maelezo peke yake.

Tusilidharau jedwali hata hivyo, maana lenyewe limebadilika kadiri isimu ilivyobadilika, na mabadiliko hayo yanagusa kila darasa la Kiswahili la leo. Walioanza waliziita ngeli kwa viambishi vya nomino: M-WA, M-MI, KI-VI, N-N. Kigezo hiki cha kimofolojia humkwamisha mwanafunzi mara tu anapokutana na "kiongozi". Nomino ina ki-, lakini tunasema "kiongozi amefika", si "kimefika". Rafiki, daktari na nyoka hawana m- yoyote, na bado kitenzi huchukua a-. Ndipo wanaisimu wakahamia kigezo cha kisintaksia, wakazitaja ngeli kwa kiambishi kinachojitokeza kwenye kitenzi: A-WA, U-I, LI-YA, KI-VI, I-ZI, U-ZI. Ulikuwa uamuzi mzuri. Mwanafunzi akilijua jina la ngeli, tayari ana ufunguo wa kitenzi.

Lakini ufunguo huo hauingii kwenye kivumishi. Mwanafunzi aliyekariri kuwa "nyumba" iko I-ZI husema "nyumba zizuri zimejengwa", kwa sababu jina la ngeli limemwambia zi-. Aliyekariri kuwa "mti" uko U-I husema "mti urefu". Makosa haya mwalimu huyaita uzembe, kumbe yamezaliwa na jina lenyewe. Kivumishi hufuata kiambishi cha nomino (mti mrefu, nyumba nzuri), kitenzi hufuata kiambishi cha upatanishi (umeanguka, zimejengwa), na ni KI-VI peke yake, miongoni mwa ngeli za kawaida, inayoficha tofauti hiyo kwa kuwa vyote viwili vinafanana. Ndiyo sababu walimu wengi hupenda kuanza na KI-VI, na ndiyo sababu wanafunzi wao huanguka wiki ya tatu wanapofika U-I. Dawa ni ndogo. Kila ngeli ifundishwe kwa sentensi mbili pamoja tangu siku ya kwanza, moja yenye kivumishi na moja yenye kitenzi, na daftarini mwanafunzi aandike "mti mrefu umeanguka" mahali ambapo angeandika U-I.

Wataalamu wa sauti walikuja na uasi wao mwaka 1882, Mjerumani Wilhelm Viëtor alipochapisha kijitabu cha kutaka ufundishaji wa lugha ugeuzwe. Miaka minne baadaye walimu walioongozwa na Paul Passy waliunda Ufaransa chama kilichotupatia alfabeti ya kimataifa ya fonetiki. Hoja yao ilikuwa kwamba lugha ni sauti kwanza, maandishi baadaye. Kiswahili kilifaidika: sarufi ya Ethel Ashton ya mwaka 1944 iliingiza kiimbo waziwazi, jambo la lazima katika lugha ambayo "Amekuja" na "Amekuja?" hutofautiana kwa sauti pekee. Mwalimu anayeacha ng' ya "ng'ombe" ichanganywe na ng ya "ngoma" mwezi wa kwanza atairekebisha mwaka mzima.

Njia ya moja kwa moja, ile ya kunyoosha kidole bila kutafsiri, iliuzwa sana na shule za Berlitz, ya kwanza ikiwa Providence, Marekani, mwaka 1878. "Hiki ni nini? Hiki ni kiti." Kwa kiti inafaa. Kwa "ijapokuwa" na "angalau" mwalimu hutumia dakika kumi za maigizo kueleza neno ambalo tafsiri ya sekunde moja ingelimaliza.

Vita vya Pili vya Dunia vikaleta fedha. Mwaka 1943 jeshi la Marekani lilianzisha programu ya kufundisha askari lugha katika vyuo vikuu, na wanafunzi wapatao 15,000 walipita humo. Wanaisimu wa shule ya Leonard Bloomfield walikuwa wamezoea kuchunguza lugha za Wamarekani Wenyeji ambazo hazikuwa na vitabu. Walikaa na msemaji, wakasikiliza, wakaiga, wakabadilisha kipande kimoja cha sentensi na kuona nini kinatokea. Kazi ile ya uchunguzi ikageuzwa somo, na zoezi la kubadilisha likazaliwa humo. Mwalimu husema "Kiti kimevunjika", kisha hutaja neno moja moja, na darasa hujibu:

Visu. "Visu vimevunjika."
Mlango. "Mlango umevunjika."
Meza. "Meza imevunjika."

Saikolojia ilipanda gari ambalo tayari linatembea. Wafuasi wa nadharia ya tabia, B. F. Skinner akiwa maarufu kuliko wote, walieleza kujifunza kuwa ni kichocheo, mwitikio na tuzo. Zoezi lililobuniwa kwa sababu za kiisimu likapewa uhalali wa kisaikolojia: kosa ni tabia mbaya, lisiachwe hata mara moja. Mashine za maabara ya lugha ziligawa kila kipengele katika hatua nne. Kanda inatoa kichocheo, mwanafunzi anajibu, kanda inatoa jibu sahihi, mwanafunzi analirudia. Robert Lado, mwaka 1957, akaongeza kwamba ukizilinganisha lugha mbili unaweza kutabiri ugumu mapema.

Linganisho la Lado lina faida kwa anayeandaa vitabu. Mwarabu, kwa mfano, huja na dh, th na gh zake tayari, wala hana haja ya kupoteza muda hapo. Zoezi la kubadilisha nalo hulainisha ulimi. Kasoro yake huonekana kwa jaribio rahisi ambalo mwalimu yeyote anaweza kulifanya kesho: katikati ya zoezi ingiza neno lisilokuwepo duniani. Sema "kitopi". Darasa zima litajibu "Kitopi kimevunjika", bila kusita na bila kuuliza kitopi ni kitu gani. Zoezi linaloweza kufanywa bila maana halijafunza maana. Utafiti mkubwa wa shule za sekondari za Pennsylvania, matokeo yake yakatolewa mwaka 1970, haukuona ushindi uliotarajiwa wa njia hii wala wa maabara zake.

Kulikuwa na kosa jingine, nalo ni la mazingira. Darasa la jeshi lilikuwa na watu wachache, saa nyingi, na mwanafunzi aliyejua anapelekwa wapi. Shule ziliiga zoezi zikayaacha hayo yote. Hesabu ni rahisi. Foreign Service Institute, chuo cha wanadiplomasia wa Marekani, kwa miaka mingi kilikipa Kiswahili wiki 36, takriban saa 900 za darasani. Mwanafunzi wa vipindi vitatu vya dakika 40 kwa wiki hupata saa 2. Kuzifikia saa 900 anahitaji wiki 450, yaani zaidi ya miaka kumi na moja ya shule ya wiki 40. Kenya ililionja jambo hilihili kwa lugha nyingine. Mpango wa kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza ulianza Nairobi mwaka 1957 katika shule chache zilizosimamiwa vizuri, ukaenea haraka kuliko walimu walivyoweza kuandaliwa.

Ni katika chuo hicho cha wanadiplomasia ambapo Kiswahili kilitoa mchango wake kwa taaluma nzima, na inasikitisha kwamba walimu wetu wachache wanalijua hilo. Earl Stevick, akishirikiana na J. G. Mlela na F. N. Njenga, alitoa kozi ya Kiswahili mwaka 1963, wakati ambapo vijana wa Peace Corps, shirika la Marekani la kujitolea, walikuwa wameshaanza kuja Tanganyika tangu 1961. Kutokana na kazi ya namna hiyo Stevick alikuza mzunguko mfupi wa somo ambao hauishii kwenye kukariri. Chukua swali moja na majibu manne hadi manane. "Unatoka wapi?" Ninatoka Tanga, ninatoka Kisumu, ninatoka Pemba. Kwanza darasa linaiga majibu, kisha swali, kisha mwalimu anauliza na wanafunzi wanajibu kwa kufuata picha au ramani. Mwishoni wanaulizana wao kwa wao na kujibu ukweli wa maisha yao. Mzunguko haujafungwa mpaka mtu aseme jambo ambalo mwenzake hakulijua. Hatua hiyo ya mwisho hula dakika tatu tu, na ndiyo inayorukwa kengele inapokaribia.

Kufikia hapo mwanaisimu Noam Chomsky alikuwa ameshaibomoa nadharia ya Skinner katika uhakiki wake wa 1959. Msikilize mwanafunzi anayesema "sinasoma". Hakuna aliyemfundisha. Hajalisikia kwa mwalimu wala redioni. Amesikia "nitasoma" na "sitasoma", akajijengea kanuni kwamba ukitaka kukanusha ondoa ni- uweke si-, akaitumia kwa "ninasoma". Huko ni kufikiri, tena kufikiri vizuri, ila Kiswahili hapo kimeamua "sisomi". S. Pit Corder aliandika mwaka 1967 kwamba makosa ya aina hii ni ushahidi wa mfumo alionao mwanafunzi kwa wakati huo, na Larry Selinker mwaka 1972 akauita mfumo huo lugha ya kati, akionya kwamba baadhi ya makosa yanaweza kuganda yasitoke tena. Kwa mwalimu maana yake ni hii: "sinasoma" mjibu kwa kumwekea sitasoma na sisomi sambamba, lakini "nilisoma jana" aliyoiteleza kuwa "nitasoma jana" mwachie ajirekebishe. La kwanza ni kosa la kanuni, la pili ni kuteleza kwa ulimi.

Chomsky mwenyewe aliwaambia walimu wa lugha mwaka 1966 kwamba ana shaka kama isimu na saikolojia ya wakati ule zina mengi ya kuwapa. Wengi hawakumsikiliza, wakaanza kuchora michoro ya matawi ya sentensi ubaoni.

Saikolojia ya kumbukumbu, ambayo haina kelele, imetusaidia kuliko zote. Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885 kwamba tunasahau kwa kasi mwanzoni, kisha polepole. Paul Pimsleur mwaka 1967 alipendekeza ratiba ya kurudia neno jipya kwa vipindi vinavyozidishwa takriban mara tano: baada ya sekunde 5, sekunde 25, dakika 2, dakika 10, saa 1, saa 5, siku 1, siku 5, siku 25, miezi 4, miaka 2. Si lazima kuzifuata kwa saa mkononi. Ila tazama azimio la kazi la kawaida: ngeli zote wiki ya nne, jaribio wiki ya tano, kisha haziguswi tena hadi mtihani. Mpango huo unakwenda kinyume na kila nukta ya ratiba ile. Ngeli moja kwa wiki mbili, huku zilizopita zikirudi kila kipindi kwa dakika tatu, hukaa kichwani zaidi kuliko mwezi mzima wa jedwali.

Sasa jamii. Mwanaanthropolojia Dell Hymes alipinga umilisi wa Chomsky, yaani ujuzi wa lugha, uliohusu sarufi tupu, akasema anayeijua lugha anajua pia lini aseme nini kwa nani. Kwa Kiswahili hatuhitaji kutafuta mifano mbali. "Nataka maji" haina kosa lolote la sarufi, na mgeni akiisema nyumbani kwa mtu pale Dar es Salaam atapewa maji na ataonekana hana adabu. "Naomba maji" ndiyo lugha. Anayeulizwa "Habari za nyumbani?" wakati mtoto wake anaumwa hujibu "Nzuri, ila mtoto anaumwa kidogo", akianza na ugonjwa amevunja mpangilio. "Shikamoo" kwa mkubwa Tanzania ni wajibu, na Kenya bara husikika mara chache. Baraza la Ulaya, lililoanza mwaka 1971 kupanga masomo ya lugha kwa watu wazima, lilitoka na orodha za kazi za lugha kama kuomba, kukataa, kuelekeza, na hatimaye mwaka 2001 ngazi za ujuzi wa lugha, A1 hadi C2, ambazo vyuo vinavyofundisha Kiswahili kwa wageni navyo hukutana nazo leo.

Hapa pia jibu moja lilifanywa la yote. Kuna kozi zilizotupa sarufi kabisa, mwanafunzi akatoka na misemo hamsini ya hotelini. Kanada ilifanya jaribio kubwa zaidi kuanzia mwaka 1965 huko St. Lambert, Quebec, watoto wa Kiingereza wakasomeshwa kwa Kifaransa. Walielewa na kusoma vizuri ajabu, lakini jinsia ya nomino za Kifaransa iliendelea kuwasumbua baada ya miaka mingi darasani. Jinsia ile ni ndugu wa ngeli zetu. Sababu inaeleweka: neno "viti" limeshakuambia ni vingi, kwa hiyo vi- ya "vimevunjika" haiongezi habari, na sikio linalotafuta maana huiruka.

Wanaisimujamii waliofuata njia ya William Labov wanatuletea swali gumu zaidi. "Kitabu yangu imepotea" husemwa na watu wengi Nairobi na bara la Kenya, kwa utaratibu unaotabirika, wala si kubahatisha. Kumwambia mwanafunzi kwamba hakuna asemaye hivyo ni kumdanganya, na atagundua siku ya kwanza akishuka kwenye matatu. Naona inafaa kumfundisha kuielewa kwa sikio na kusema sanifu kwa mdomo, na kumweleza waziwazi ni nani husema kipi na wapi. Mitazamo nayo haiondolewi na mbinu. Uganda, Idi Amin alikitangaza Kiswahili lugha ya taifa mwaka 1973, na wengi wakakiunganisha na bunduki ya askari. Baraza la mawaziri lilipoamua mwaka 2022 kwamba kifundishwe kwa lazima shuleni, mwalimu alirithi kumbukumbu hiyo pamoja na chaki. Somo lake la kwanza lina haja ya mfanyabiashara, daktari na mwanamuziki kabla ya jedwali lolote.

Turudi kwa seremala tuandae kipindi cha dakika 40. Dakika 3 za kurudia ngeli za nyuma kwa kadi. Dakika 7 za kusikiliza tu, na nomino imeondolewa kwa makusudi. Mwalimu anasoma ujumbe wa seremala: "Kimoja kiko tayari, vingine vitatu nitavileta Ijumaa." Ubaoni kuna picha za viti, meza na milango, na mwanafunzi aonyeshe ni zipi. Kisha: "Moja iko tayari, nyingine tatu nitazileta Ijumaa." Hapo upatanisho wa kisarufi ndio pekee unaobeba maana, kwa hiyo sikio haliwezi kuuruka. Dakika 5 za maelezo, kwa lugha wanayoielewa, sentensi mbilimbili ubaoni. Dakika 8 za kubadilisha kwa mdomo, haraka, na "kitopi" kimoja kikichomekwa ili wapinge: "Kitopi ni nini?" Dakika 14 wawili wawili, mteja na fundi, kila mmoja akiwa na orodha ambayo mwenzake haioni, wakianza kwa salamu na kumaliza kwa kukubaliana siku na bei. Dakika 3 za mwisho mwalimu aandike makosa mawili aliyoyasikia, bila majina, darasa liyarekebishe.

Kikwazo kitakachobaki ni karatasi ya mtihani. Ikiwa swali ni "Ainisha nomino zifuatazo katika ngeli zake: kiongozi, wembe, ua, maji", mwalimu mwenye busara atarudi kwenye jedwali, na hatuna haki ya kumlaumu. Weka badala yake kanda ya sekunde ishirini ya fundi asiyetaja nomino, na picha tatu za kuchagua. Swali hilo halihitaji maabara, linasahihishwa kwa alama ya vema tu, na kipindi cha dakika 40 kitalifuata chenyewe.